Ndege ndogo inapotua Fizi, nani mwenye ndege?

Tarehe 30 Juni 2025, ndege ndogo iliyokuwa imefika Minembwe, kwenye milima mirefu ya teritori ya Fizi, iliharibiwa kwa shambulio la kutoka angani. Siku hiyo hiyo maelezo mawili yalitoka. Jeshi la taifa, FARDC, lilisema ilikuwa ndege isiyojulikana, iliyoingia katika anga ya Congo bila ruhusa. Muungano wa AFC/M23 ukasema ilikuwa ndege ya kiraia iliyoleta msaada kwa wakaaji. Ukisikiliza upande mmoja, ndege ilikuwa ya maadui. Ukisikiliza wa pili, ilikuwa ya dawa na chakula.

Kila upande ulikuwa na watu wake wa kuuamini, na mabishano yakaendelea kwenye simu na sokoni kwa siku nyingi. Lakini kuna swali ambalo halihitaji siasa ili kujibiwa: ndege ile ilikuwa ya nani? Imesajiliwa nchi gani, nani aliikodi, iliruka kutoka wapi, mara ya mwisho fundi aliikagua lini? Kila ndege ya kiraia duniani, hata yenye viti vitano, inatakiwa kubeba majibu hayo ndani yake kwa maandishi. Huku kwetu Fizi na Baraka, majibu hayo ni nadra sana kufika kwa mtu wa kawaida, na hali hiyo haikuanza mwaka 2025.

Ndege za mwaka 1965

Wazee wa Baraka walioishi vita vya 1965 walizijua ndege kwa sauti kabla ya kuziona. Wakati huo waasi wa Simba walishika milima ya Fizi na pwani ya ziwa. Laurent-Désiré Kabila alikuwa mmoja wa wakubwa wao, na kuanzia mwezi wa Aprili Che Guevara na Wacuba wake walikuwa nao, wakivuka Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba. Juu yao zilipita ndege za aina ya T-28.

T-28 ilikuwa ndege ndogo ya propela moja, iliyoundwa Marekani kwa ajili ya kufundisha marubani. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1949. Baadaye ikafungiwa bunduki na roketi chini ya mabawa, ikawa silaha ya bei nafuu kwa vita vya nchi za mbali. Zile zilizoruka Fizi zilipakwa alama za jeshi la Congo. Mtu akiangalia kutoka chini angesema ni ndege za serikali ya Léopoldville, basi.

Lakini ndege zilitolewa na Marekani. Marubani wake wengi walikuwa Wacuba waliokimbia utawala wa Fidel Castro, wakiajiriwa kupitia shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mafundi waliozitengeneza, wengi wao kutoka Ulaya, walilipwa na kampuni iliyoitwa WIGMO, na kampuni hiyo iliandikishwa Liechtenstein, nchi ndogo ya Ulaya ambayo watu wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Kwa hiyo alama ilikuwa ya Congo, chuma cha Marekani, rubani Mcuba, fundi Mzungu, na karatasi za Liechtenstein. Wacuba walipigana na Wacuba kwenye milima ya Wabembe, na mkulima wa Fizi akapigwa bomu bila kujua aliyelipa mafuta ya ndege.

Mwishoni mwa Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare walishuka kwa mashua kwenye pwani ya Baraka, huku ndege zikiwasaidia kutoka juu. Mwezi wa Novemba Che aliondoka. Habari za nani alikuwa mwenye zile ndege zilitoka polepole baada ya miaka mingi, wakati hazikuweza tena kumsaidia mtu yeyote aliyeathirika.

Ninaianza habari mbali hivyo kwa sababu moja. Watu wa Fizi wamezoea kuambiwa kwamba kuuliza kuhusu ndege ni kujiingiza katika mambo ya wakubwa. Tabia hiyo ina historia. Lakini siku hizi ndege ndogo si za vita tu. Zinabeba dawa, wagonjwa, wafanyakazi wa mashirika, wafanyabiashara, dhahabu, na maiti za watu wanaorudishwa kuzikwa kwao. Barabara ya taifa namba 5, kutoka Bukavu kupitia Uvira, Baraka na Fizi kuelekea Kalemie, inajulikana na kila dereva: mvua ikinyesha mto unakata njia, na mvua isiponyesha kuna vizuizi. Kupanda Minembwe ni taabu zaidi. Kwa mwenye mgonjwa wa haraka, uwanja wa udongo wenye nyasi fupi unaweza kuwa ndiyo hospitali yenyewe.

Mwenye ndege, mwendeshaji na mkodishaji

Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kufikiri kwamba jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege ni la mwenyewe. Mara nyingi sivyo. Ndege moja inaweza kuwa mali ya kampuni ya nchi fulani, ikasajiliwa nchi nyingine, ikaendeshwa na kampuni ya tatu yenye kibali cha usafiri wa anga, ikakodiwa na ya nne, halafu tiketi ikauzwa na wakala wa tano pale mjini. Hilo peke yake si kosa la sheria. Dunia nzima ndege zinakodishwa. Ubaya unaanza pale ndege inapoanguka na kila mmoja anasema, "Mimi nilikodisha tu."

Congo ina mifano mizito ya jambo hilo. Ule mkubwa kuliko yote ni wa Kinshasa, tarehe 8 Januari 1996. Antonov 32 ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa Ndolo, ikaingia kwenye soko la Simba Zikita na kuua zaidi ya watu 200 waliokuwa wakinunua na kuuza. Haikuwa ndege ndogo kama zinazotua Fizi, lakini makaratasi yake yanafundisha. Ilisajiliwa Urusi kwa namba RA-26222. Ilikuwa ya Moscow Airways, ikikodishwa kwa kampuni ya African Air. Kibali cha kuruka kilikuwa cha kampuni nyingine tena, Scibe Airlift, na marubani Warusi walikiri mahakamani kwamba walikuwa wakitumia karatasi za kuazima. Ndege ilizidishiwa mzigo. Mama aliyekuwa akiuza mihogo pale sokoni hakuwa hata abiria, lakini maisha yake yalitegemea karatasi ambazo hazikuwa za ndege iliyompiga.

Miaka kumi na moja baadaye, tarehe 4 Oktoba 2007, Antonov 26 ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Kingasani, muda mfupi baada ya kuruka kutoka N'djili kuelekea Tshikapa. Jina la mwendeshaji lilikuwa Africa One, ndege yenyewe ikihusishwa na Malift Air. Watu karibu 50 walikufa. Waziri wa uchukuzi, Rémy Henri Kuseyo Gatanga, alifukuzwa kazi. Kumfukuza waziri ni rahisi kuliko kusafisha daftari la usajili, na mtu anaweza kuona serikali ilianzia wapi.

Kwa familia ya aliyekufa, tofauti kati ya mwenye ndege na mwendeshaji ni jambo la mkate wa watoto. Bima hufuata mwendeshaji aliyetajwa kwenye mkataba. Usipojua jina lake kamili na namba ya ndege, wakili hana pa kupeleka barua. Ndiyo maana orodha ya abiria, ile ambayo kwenye viwanja vyetu vidogo wakati mwingine inaandikwa kwa kalamu dakika kumi kabla ya safari, ni karatasi ya thamani. Jina lisilokuwepo kwenye orodha ni mtu ambaye kampuni inaweza kusema hakupanda.

Kutoka Kunovice hadi Kivu

Sasa tuangalie ndege zenyewe. Anayesafiri mara kwa mara mashariki mwa Congo amekwisha kupanda L-410, hata kama hakujua jina lake: ina mabawa juu ya mwili, injini mbili, magurudumu yanayokaa kwenye vimbe ubavuni, na viti visivyozidi 19. Watu wengi huiita "Let".

Hii ni ndege ya Kicheki. Ilitengenezwa katika mji wa Kunovice na kuruka mara ya kwanza tarehe 16 Aprili 1969. Zaidi ya 1,100 zimeundwa, na nyingi kati yake zilikwenda Umoja wa Kisovyeti kwa shirika la Aeroflot, zikitumika kuunganisha vijiji vya mbali vya Siberia. Iliundwa kwa viwanja vibaya: udongo, nyasi, theluji. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, ndege hizo zilibaki bila kazi na kuuzwa kwa bei ya chini. Afrika ikawa soko. Ndege iliyozaliwa kubeba wakulima wa Urusi ikaja kubeba wafanyabiashara wa Maniema na Kivu.

Uzee wa ndege peke yake hauui. Ndege ya miaka 35 iliyotunzwa ni salama kuliko ya miaka 10 iliyopuuzwa. Ndege haihesabiwi umri kwa miaka tu. Inahesabiwa kwa saa za kuruka na idadi ya kupaa na kutua, kwa sababu kila kutua kunachosha miguu na mwili wake. Injini nayo ina saa zake: ile ya Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayopendwa na mashirika ya misaada na ya kanisa, kwa kawaida hufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa baada ya saa 3,600. Yote hayo huandikwa kwenye vitabu vya ndege. Vitabu vikipotea katika kuuzwa kutoka nchi hadi nchi, au vikiandikwa upya na mtu asiyeijua ndege, uzee unakuwa hatari kweli, kwa kuwa fundi anafanya kazi gizani.

Baadaye kuna mlima. Baraka iko kando ya ziwa, karibu mita 780 juu ya usawa wa bahari. Minembwe iko juu zaidi ya mita 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi. Bawa linabeba kidogo na injini inavuta kidogo, kwa hiyo ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili kupaa. Mzigo unaoruka bila shida kutoka kando ya ziwa unaweza kuwa wa kuua ukijaribu kuupandisha kutoka milimani saa saba mchana, jua likiwaka. Abiria anayekasirika kwa sababu rubani amekataa gunia lake la maharagi hana habari kwamba rubani huyo ndiye wa kumshukuru.

Mzigo na orodha ya mzigo ndiyo hadithi ya Bandundu, tarehe 25 Agosti 2010. L-410 ya kampuni ya Filair, namba 9Q-CCN, ilianguka juu ya nyumba ikikaribia kutua. Kati ya watu 21 waliokuwemo alipona mmoja. Rubani wake, Mbelgiji Danny Philemotte, alikuwa pia mwenye kampuni. Habari iliyozunguka dunia ni ile iliyohusishwa na maelezo ya aliyepona: kwamba mamba aliyefichwa kwenye mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele, na ndege ikapoteza mizani. Uchunguzi uliofanywa baadaye Uingereza, kwa sababu rubani msaidizi alikuwa Mwingereza, haukuthibitisha habari ya mamba. Watu wamecheka sana juu ya mamba huyo. Lakini habari ile iliaminiwa haraka kwa sababu kila anayepanda ndege ndogo nchini kwetu anajua kwamba mifuko haifunguliwi sana, na mizani wakati mwingine ni jicho la mfanyakazi.

Na hata karatasi nzuri hazihamishi mlima. Tarehe 1 Septemba 2008, Beechcraft 1900 iliyobeba wafanyakazi wa misaada kutoka Kisangani iligonga mgongo wa mlima kilomita kama 15 kutoka uwanja wa Kavumu, hali ya hewa ikiwa mbaya. Wote 17 walikufa. Hii ilikuwa ndege ya upande ule unaoitwa salama: ilisajiliwa Afrika Kusini, ikiendeshwa kwa mkataba wa shirika la Kimarekani Air Serv International. Mlima Kahuzi una mita 3,308, na wingu haliulizi ndege imesajiliwa wapi.

Abiria wa aina mbili

Tangu Machi 2006 Umoja wa Ulaya umeziweka kampuni za ndege zenye kibali cha Congo kwenye orodha ya zile zisizoruhusiwa kuruka katika anga yake. Sababu kubwa iliyotolewa ni usimamizi: Ulaya haiamini kwamba serikali yetu inazikagua kampuni inavyotakiwa. Marufuku hiyo haizuii ndege kuruka kati ya miji ya Congo. Matokeo yake kwenye viwanja vyetu yanaonekana kwa macho. Mfanyakazi wa shirika la kimataifa hupanda ndege ya Umoja wa Mataifa au ile inayolipwa na Umoja wa Ulaya, ambayo historia yake imekaguliwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mwalimu, muuza samaki au mama mjamzito anapanda iliyopo.

Baada ya AFC/M23 kuiteka Goma mwezi wa Januari 2025 na uwanja wa Kavumu mwezi wa Februari, njia zilizokuwa zikitumiwa na wote zilikatika, na viwanja vidogo vya ndani vikapata uzito ambao havikuwa nao. Ndege isiyotangazwa, inayotua mahali pasipo na mnara wa kuongoza wala mkaguzi, inakuwa jambo la kuogopwa na pia la kutegemewa. Hapo ndipo ajali ya usalama wa anga na ajali ya vita zinakutana. Ndege ya msaada isiyoweza kuonyesha ni ya nani inaweza kudhaniwa ya silaha, na ya silaha inaweza kujificha kwa jina la msaada. Wanaolipa ni wale wanaoishi pembeni ya uwanja.

Sheria za kuzuia hali hiyo ziko tayari. Azimio 1596 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 18 Aprili 2005, lilizitaka serikali za eneo hili, hasa kwa ndege zinazoruka Ituri na Kivu, kuhakiki karatasi za ndege na leseni za marubani, kuzuia ndege zenye karatasi za uongo au zilizopitwa na wakati, na kuweka kumbukumbu za safari zinazoingia Congo. Nchini, sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 ndiyo inayotawala usafiri wa anga wa kiraia. Mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, inatakiwa kushika daftari la usajili, na RVA inasimamia viwanja na njia za anga. Kwa maoni yangu, daftari hilo lingepaswa kufunguliwa kwa umma, mtu wa Baraka aweze kuandika namba ya ndege kwenye simu yake na kuona ni ya nani na kibali chake kinaisha lini. Hakuna siri ya taifa katika jina la mwenye ndege ya kubeba abiria.

Mambo ya kuangalia pale uwanjani

Wakati tunangoja, macho ya msafiri yanaweza kusoma mengi. Herufi za kwanza zilizoandikwa kwenye mwili au mkia wa ndege zinaonyesha nchi ya usajili: 9Q na 9S ni Congo yetu, 9U ni Burundi, 9XR Rwanda, 5H Tanzania, 5X Uganda, 5Y Kenya, ZS Afrika Kusini, N Marekani. Ndege haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa herufi zimefutwa, zimefunikwa au zimepakwa rangi upya vibaya, hiyo ni sababu ya kutopanda, hata kama nauli imeshalipwa.

Namba ya usajili hubadilika kila ndege inapohamia nchi nyingine. Namba ya kiwandani haibadiliki, na ndiyo inayofuata ndege toka kuzaliwa hadi kufa. Kwa namba hiyo, au ya usajili, mtu mwenye intaneti anaweza kutafuta kwenye kumbukumbu za wazi za Aviation Safety Network, zinazoorodhesha ajali kwa tarehe, aina ya ndege na mwendeshaji. Kampuni iliyobadilisha jina baada ya ajali huonekana hapo mara nyingi, kwa kuwa ndege zake hazikubadilika.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unataja karatasi ambazo ndege inayovuka mipaka lazima iwe nazo ndani: cheti cha usajili, cheti cha kuonyesha inafaa kuruka, leseni za wafanyakazi wake, daftari la safari, leseni ya redio kama inayo, majina ya abiria na mahali wanakotoka na wanakokwenda, na orodha ya mzigo. Kanuni zake pia zinataka kibati cha chuma kisichoungua moto, chenye alama za usajili, kifungwe mahali pa wazi karibu na mlango mkubwa. Kimewekwa cha chuma ili ndege ikiteketea yote, mtu aweze kukiokota kwenye majivu na kujua ilikuwa ndege gani.